Mpango wa kijiji chetu uliishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimeisikiliza redioni Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025: uchumi wa dola trilioni moja, pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Sina ugomvi nayo. Hata Dira iliyotangulia, ya 2025, ilisomeka vizuri. Ilitaka umaskini uliokithiri uwe umekwisha kufikia mwaka huo. Uchumi ulikua kweli, asilimia sita, wakati mwingine saba. Lakini kaya zilipopimwa, umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa umetoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Miaka sita hiyo, na asilimia mbili hazikutimia.

Mimi nalima alizeti mkoani Singida. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji tulipoandaa mpango wetu kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo, wanakijiji wenyewe tukitaja tulichonacho, kinachotukwamisha na kipi kianze. Wazee walitaka ofisi ya kijiji iezekwe upya. Kina mama tukakataa, tukasema kwanza ghala. Tunavuna sote wakati mmoja, deni la mbegu linadai, mtoto anataka sare, na mnunuzi ameshafika na magunia yake ya lumbesa, yale ya kujazwa kupita kipimo. Najua lumbesa imepigwa marufuku. Mwambie hivyo yeye, akiwa na fuso mlangoni na wewe huna pa kuweka mzigo! Miezi michache baadaye bei inapanda, na anayeuza ni yule yule aliyenunua kwako. Huo nao ni ukuaji wa uchumi, nadhani, na unahesabiwa.

Mpango ukapanda kata, ukapanda wilaya. Bajeti ilipopita tukapata matundu ya vyoo vya shule. Tuliyahitaji, asante. Kuhusu ghala hakuna aliyerudi kutuambia neno, si kwamba fedha hazitoshi, si kwamba tusubiri.

Sasa mipango ya miaka mitano ya Dira hii mpya inaanza, na tutaitwa tena kutoa maoni. Ombi langu kwa wanaopanga ni dogo. Bajeti ya halmashauri ya wilaya ikishapitishwa, ibandikwe karatasi kila ofisi ya kijiji: mliomba hiki, kimepata fedha kiasi hiki, hiki kimeachwa kwa sababu hii. Kisha mtendaji aisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na ajibu maswali.

Mkulima wa alizeti,
Singida