Huyo Stelingi Wenu Afe: Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kutengeneza Picha ya Kutisha

Mwanangu Rehema,

Salaam kutoka Tanga. Sisi sote wazima, presha ya mama yako imetulia, na bibi yako bado ana kesi na kuku wa jirani. Ujumbe wako wa kuomba mchango wa filamu nimeupata. Nakujibu kwa barua kwa sababu nina mengi ya kusema, na wewe kwenye simu hukawii kuniambia "sawa baba, nimeelewa" kabla sijafika popote.

Bajeti yenu nimeisoma. Kamera ya kukodi, droni, taa, chakula, na "msanii mwenye jina" ambaye peke yake anameza nusu ya fedha zote. Mimi si mtu wa filamu, lakini unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa na banda la video pale Ngamiani: televisheni moja, deki moja, mabenchi, na jenereta ya kukopa. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni kukusanya kiingilio, halafu kubaki pale pale nyuma nikiangalia migongo ya watu wanaoangalia picha. Nimejifunza zaidi kwenye migongo ile kuliko kwenye televisheni yenyewe.

Sasa sikiliza. Huyo msanii mwenye jina ndiye atakayewaharibia kazi.

Bandani kulikuwa na sheria iliyojulikana hata na watoto waliokuwa wakichungulia kwenye matundu ya bati: stelingi hafi. Akipigwa risasi, itakuwa ya bega. Akitumbukia mtoni, ataibukia mbele. Kwa hiyo tukiweka Rambo au Schwarzenegger watu walishangilia, wakarusha ngumi hewani, wakatoka wamefurahi, ila hakuna aliyeogopa. Utaogopa nini, na sura ya mtu huyo iko kwenye jalada la kanda? Mtu aliyelipwa mamilioni hawamuui mapema hivyo. Picha za kutisha za fedha kidogo hazikuwa na sura hiyo. Mle ndani hakuna aliyemjua mtu hata mmoja. Dakika za mwanzo ungesikia watu wakiulizana gizani, "Stelingi nani hapa?" Na swali hilo likikaa bila jibu, migongo huanza kunyooka yenyewe.

Nitakupa mfano mmoja nao nitakaa nao. *Night of the Living Dead*, picha ya wafu wanaofufuka na kula watu, mwaka 1968. George Romero na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh, Marekani, waliokuwa wakitengeneza matangazo ya televisheni. Walichangishana watu kumi, dola 600 kila mmoja, wakaanza na dola 6,000. Mpaka inakwisha iliwagharimu kama dola 114,000, ambazo kwa Hollywood ya wakati ule hazikuwa kitu. Walipata nyumba ya shamba iliyokuwa ikingoja kubomolewa, basi hakuna aliyewagombeza walipopigilia mbao madirishani na kuvunja milango. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, maana katika picha nyeusi na nyeupe chochote cheusi kinachotiririka ni damu. Matumbo yanayotafunwa na wale wafu yaliletwa na mwenzao aliyekuwa kwenye biashara ya nyama. Prodyuza, Russell Streiner, alicheza yule kaka anayeuawa makaburini. Karl Hardman na Marilyn Eastman, nao wenye hisa, walicheza mume na mke wanaojificha chumba cha chini, na hao hao ndio waliowapaka watu sura za maiti.

Fuata vifo sasa. Picha inaanza na kaka na dada makaburini. Kaka ni mcheshi, ana maneno. Bandani wakasema huyu ndiye. Dakika chache, amekufa. Basi wakahamia kwa dada, Barbra. Barbra anafika kwenye nyumba, anakaa kwenye kochi, akili imeruka, huyo tena si wa kutegemewa. Ndipo anatokea Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Hadithi haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi; alipewa nafasi kwa sababu kwenye majaribio aliwashinda wote. Na bandani kwetu, mtu mweusi kuwa ndiye mwenye akili, ndiye anayetoa amri na kupigilia misumari, ilitosha kuwanyamazisha hata wauza karanga. Tulikuwa tumempata stelingi.

Anapigana usiku kucha. Waliomo ndani ya nyumba wanakwisha mmoja mmoja, anabaki yeye. Kunapambazuka, nje kuna bunduki na mbwa, waokoaji wamefika. Ben anasogea dirishani kuchungulia. Wanamdhani ni mfu mwingine, wanampiga risasi ya kichwa, halafu zinapita picha za mnato zikionyesha anavyoburutwa kwa kulabu za nyama kupelekwa motoni. Imekwisha.

Fujo iliyozuka siku ile sijaisahau. Kuna waliosema kanda imekatwa. Kuna aliyetaka kiingilio chake. Fundi baiskeli mmoja alisimama akalihutubia banda zima kwamba jamaa hajafa, yuko sehemu ya pili. Nikajitolea kurudisha kanda nyuma waone vizuri. Hakuna aliyetaka kuona tena. Lakini kesho yake walirudi, na karibu kila mmoja amekuja na mwenzake ambaye hajui mwisho wake.

Kampuni ya usambazaji ya American International Pictures iliikataa filamu ile kwa sababu Romero hakukubali kubadilisha mwisho, Ben apone. Fikiria wangekuwa wamemlipa msanii mkubwa, au wana deni la benki. Wangebadilisha asubuhi ile ile. Romero amewahi kusimulia kwamba usiku mmoja wa Aprili 1968 walikuwa barabarani kuipeleka filamu New York, iko kwenye buti ya gari, redio ikatangaza kuwa Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, ameuawa kwa risasi. Baada ya hapo nani angeutazama mwisho ule kama hadithi ya mazombi tu?

Najua utanitolea Hitchcock, yule mwongozaji mkubwa wa filamu. Ni kweli, kwenye *Psycho*, mwaka 1960, alimuua Janet Leigh bafuni kabla picha haijafika katikati, na Janet Leigh alikuwa jina kubwa. Lakini angalia alivyoipata nafasi hiyo. Kampuni haikuwa na hamu na hadithi ile, kwa hiyo aliwachukua mafundi wa kipindi chake cha televisheni, akapiga nyeusi na nyeupe, kwa kama dola 800,000, ambazo kwa mtu wa kiwango chake ni kubana matumizi. Tajiri alilazimika kujifanya maskini ili apate ruhusa ya kuua.

Usinielewe kwamba umaskini ni sifa. Nyingi ya picha za bei rahisi nilizoonyesha zilikuwa takataka, na watu walizizomea kama zilivyostahili. Zilizodumu ni zile ambazo ukosefu wa fedha uligeuka kuwa sehemu ya hadithi. *The Texas Chain Saw Massacre* ya 1974 ilipigwa kwenye joto la kiangazi cha Texas. Gunnar Hansen, aliyecheza lile jitu lenye msumeno, alivaa nguo zile zile siku zote bila kufuliwa kwa kuhofia rangi itachuja, na ile karamu ya mwisho waliipiga zaidi ya saa ishirini na nne mfululizo huku nyama mezani ikioza. Kile kichaa unachokiona machoni mwao si uigizaji peke yake. Hilo msiige. Ukimzimisha mtoto wa mtu kwa joto, usinitaje.

Cha kuiga ni John Carpenter. Kwa *Halloween* ya 1978 alikuwa na kama dola 300,000. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha Captain Kirk wa *Star Trek*, cha chini ya dola mbili. Wakakipulizia rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Carpenter amesimulia kwamba aliionyesha filamu bila muziki kwa bosi mmoja wa studio, na yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akaingia studio, akatengeneza muziki mwenyewe kwa siku tatu. Nami ni shahidi wa jambo hili: jenereta ikichoka na spika ikafa, picha ya kutisha inageuka kichekesho pale pale, watu wanaanza kuwapigia miluzi mazombi. Picha ikififia lakini sauti ikabaki, hakuna anayecheka. Wanasogea mbele.

Na hapa kwetu, Mussa Banzi alipotoa *Nsyuka*, halafu *Shumileta*, filamu za Kitanzania zilikuwa ndiyo kwanza zinasimama kwa miguu yake. Watu wa vyuo walicheka vipodozi na taa. Bandani hawakucheka. Nyumba zilifanana na zao, na waigizaji waliongea kama wao.

Sasa nije kwenye jambo linalonihusu kama mzazi. *The Blair Witch Project*, ya 1999. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwapeleka vijana watatu msituni Maryland kwa siku nane, wakawapa kamera wajipige wenyewe, wakawa wanawaachia maelekezo njiani na kuwapunguzia chakula siku hadi siku. Vijana wale walitumia majina yao halisi: Heather, Josh, Mike. Wasambazaji wakatangaza kana kwamba wamepotea kweli, na vipeperushi vya kuwatafuta vikabandikwa. Hapo sheria ya stelingi ilizikwa kabisa, maana mtazamaji aliingia ukumbini akiwa ameshaambiwa kwamba wote watatu hawakurudi. Gharama za kupiga zilikuwa makumi ya maelfu ya dola tu. Mapato yalikaribia dola milioni 250. Na mama yake Heather Donahue akaanza kupokea kadi za rambirambi za mtoto aliye hai.

Nimelifikiria hilo sana, kadi za rambirambi. Sipendi uje unifanyie hivyo, hata kama tiketi zitauzwa. Lakini kinachonikera zaidi ni malipo. Mwaka 2024, miaka ishirini na mitano baadaye, waigizaji wale watatu walikuwa bado wanadai hadharani sehemu ya haki yao kutoka kwa kampuni inayoimiliki filamu. Majina yao, sura zao, kamera mikononi mwao, na fedha zimekwenda kwingine. Romero naye vivyo hivyo: filamu iliitwa kwanza *Night of the Flesh Eaters*, msambazaji akabadilisha jina, na alipotoa kibao cha jina la zamani akaitoa na alama ya hakimiliki iliyokuwa juu yake. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema bila alama hiyo huna chako. Kila mwenye mashine akairudufu na kuiuza, wala hakuwa mwizi. Nadhani ndiyo njia iliyoileta mpaka Ngamiani, nakala ya nakala, na bila shaka ndiyo iliyoifanya ionekane dunia nzima. Waliochangishana dola 600 wangependelea kulipwa.

Kwa hiyo kabla hamjawasha kamera, wote mnaohusika muandikiane mkataba. Nani ana hisa gani, nani anamiliki, jina la kila mtu lionekane mwanzo na mwisho. Msiambiane "sisi ni marafiki". Mchukue karatasi, msaini, na nakala moja niletee mimi.

Droni sahau. Hadithi yenu inatokea ndani ya nyumba ya kupanga; mnataka kumtisha nani kutoka angani? Oren Peli alipiga *Paranormal Activity* nyumbani kwake San Diego kwa kama dola 15,000, kamera imesimama kwenye stendi chumbani usiku, na watu wakawa wanaukodolea macho mlango ambao haufanyi lolote. Simu ya yule mwenzako mwenye simu nzuri inatosha. Fedha nitakazotuma Jumatatu ni za maiki, ya maana, na mtu anayejua kuitumia. Risiti nitaiulizia.

Wasichana wenu wanne wote wawe watu wasiojulikana, na wapeni uzito sawa. Tusijue ni yupi wa kumwegemea. Na yule tutakayempenda zaidi, huyo msimwonee huruma, hata kama ni wewe mwenyewe unayemcheza.

Nyumba ya marehemu babu yako kule Pongwe mnaweza kuitumia. Umeme haujavutwa, kisima kina mfuniko mbovu, mpite mbali nacho. Nimeongea na mjomba wako Salimu anayekaa na funguo. Anataka kujua tarehe mapema, anataka msipige mayowe baada ya swala ya Isha kwa sababu ya majirani, na anataka kucheza. Tayari ameshashona kanzu mpya na anawaambia watu msikitini kwamba yeye ndiye stelingi.

Mpeni nafasi. Ila muueni mapema.

Baba yako