Mita inasoma vizuri, mbona kasi mpya haipiti?

Simu tunazopigiwa hufanana. Faiba ya kilomita 80 imebeba gigabiti 10 kwa sekunde kwa miaka bila kelele. Mwenyewe kaongeza kasi, makosa yakaanza kumiminika. Fundi kapima mwanga, mita inasoma vizuri. Basi wanaulizia bei ya kebo mpya. Subiri kwanza.

Mita haidanganyi, ila inapima mwanga uliofika ni kiasi gani, haipimi umefika na umbo gani. Ndani ya kioo, rangi zinazounda mpigo mmoja wa mwanga haziendi mwendo sawa. Kwenye faiba ya kawaida, kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1550, zinaachana takriban pikosekunde 17 kwa kila kilomita, kwa kila nanomita ya upana wake. Mpigo uliotoka mwembamba hufika umetanuka, umemwagikia jirani. Tena ukiongeza kasi ya mipigo mara nne, umbali unaovumilika hupungua mara 16, kwa sababu mipigo imesongamana na kila mmoja umebeba rangi nyingi zaidi. Zile kilomita 80 zinabaki 5.

Zamani dawa ya kutawanyika huku kwa rangi ilikuwa kuongeza bunda la faiba maalumu inayotawanya kinyume. Moduli za kisasa (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga vinavyochomekwa mwishoni mwa faiba) zenye chipu ya kuchakata mawimbi humaliza kazi hiyo kwa hesabu. Kipokezi kina leza yake. Mwanga unaoingia huchanganywa na wa leza hiyo, hivyo chipu husoma nguvu na awamu pia (wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake), katika polaraizesheni zote mbili, yaani pande mbili ambazo wimbi la mwanga hutikisikia. Mtawanyiko hufuata kanuni inayojulikana, kwa hiyo chipu huurudisha kinyumenyume. Polaraizesheni ndiyo sumbufu: hugeuka hata mtu akitikisa kebo, ikabidi ifuatiliwe muda wote.

Faida yake? Kila alama, yaani kila hali ya mwanga inayotumwa kwa zamu, hubeba biti 4, kwa hiyo gigabiti 100 hupita kwa alama bilioni 28 hadi 32 tu kwa sekunde, juu ya faiba ileile.

Yale mabunda ya zamani huwa tunayatoa. Wateja husita (yaligharimu, tunaelewa), lakini yanakula mwanga bure.

Ila chipu haifuti vumbi kwenye konekta, wala hainyooshi kebo iliyokunjwa nyuma ya kabati. Ndiyo maana tukifika kwako, kabla ya moduli yoyote, tunatoa darubini ya kukagulia konekta.