Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maandalizi ya Safari ya Baiskeli Kandokando ya Ziwa Kivu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha baiskeli kwa mwaka 2025. Mazoezi ya Jumamosi ya kwenda Kemondo na kurudi Bukoba yaliendelea kama kawaida, mafunzo ya kuziba pancha na kukaza spoku yalitolewa mara mbili, na mwezi Juni tulishiriki usafi wa ufukwe. Hayo mnayafahamu, kwa hiyo sitayarefusha.

Jambo lililochukua muda wangu mwingi mwaka huu ni maandalizi ya safari ya siku sita tunayokusudia kuifanya Julai 2026 nchini Rwanda, katika njia ya Congo-Nile, ambayo huanzia Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, na kuishia Rusizi, kusini mwa ziwa hilo, umbali wa kilomita 227. Hamu ya wanachama ilipanda zaidi baada ya Kigali kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika barani Afrika, lakini naomba ikumbukwe kwamba wazo hili nililileta mezani kabla ya hapo. Milima inayopitiwa na njia hiyo si migeni kwetu kama inavyodhaniwa. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo wake huteremka hadi Mto Kagera, huu huu tunaouvuka darajani Kyaka, na kuingia Ziwa Viktoria kaskazini mwa mji wetu, wakati inayonyesha upande wa magharibi huingia Kivu, ikapita Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika na mwishowe Mto Kongo.

Mwezi Agosti nilikwenda kuikagua njia kwa nauli yangu mwenyewe, bila kugusa senti ya chama. Nilichokiona ni kwamba sehemu ya kutoka Rubavu hadi Kinunu ni ya udongo, inapanda na kushuka bila kupumzika, na kila ukimaliza kilima unaliona ziwa chini yako na kilima kingine mbele yako. Atakayeshindwa anaweza kupanda hadi barabara ya lami inayopita juu na kutusubiri Karongi, katikati ya njia, ambako tutapumzika siku nzima. Tumechagua Julai kwa sababu ni kiangazi, na tutaondoka mapema ili Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii ambapo usafiri husimama asubuhi, isitukute njiani. Kila mmoja awe na hati yake ya kusafiria tukifika Rusumo mpakani, asibebe mifuko ya plastiki, kwani huko imepigwa marufuku, na azoee mapema kwamba ng'ambo ya daraja la mpakani watu huendesha upande wa kulia.

Sasa nifike kwenye uamuzi uliozua maneno mengi, yaani uamuzi wa kamati tendaji wa mwezi Novemba kwamba hakuna mwanachama atakayeruhusiwa kwenda Kivu na baiskeli ya gia moja yenye breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Nimesikia ikisemwa kwamba mwenyekiti anawabagua wasio na uwezo na kwamba chama kimekuwa cha wenye fedha. Maneno hayo yameniumiza sana, maana baiskeli yangu ya kwanza, niliyoiendesha kwa miaka 19 nikibebea ndizi kutoka shambani, ilikuwa ya aina hiyo hiyo, na bado ninayo nyumbani.

Waliokuwepo kwenye zoezi letu la Oktoba la kwenda Kayanga na kurudi wanajua kilichotokea. Tulipokuwa tukiteremka kutoka Karagwe kuelekea Kyaka, manyunyu yalianza, na kijana wetu mmoja aliyekuwa na mzigo kwenye keria akakamata breki zote mbili bila baiskeli kupunguza mwendo, kwa sababu rimu ya chuma ikilowa, raba ya breki huteleza juu yake. Aliokolewa na majani marefu ya pembeni mwa barabara, akatoka na goti lililochubuka. Niliifungua raba ile ya nyuma kwa mikono yangu: upande mmoja ulikuwa umelika hadi kwenye kikombe cha chuma kinachoishikilia, na ukingo wa kikombe ulikuwa uking'aa kwa kusaga rimu. Niliileta mkutanoni Novemba, ikapita mkono kwa mkono, na mpaka leo ninaihifadhi.

Kuhusu kupanda, fundi wetu alipima mbele yetu sote. Baiskeli ya meno 48 mbele na 20 nyuma husogea zaidi kidogo ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli, wakati ile ya gia, ikiwekwa kwenye gia ndogo kabisa, ilisogea chini ya mita 2. Mtu anaweza kupanda kilima kimoja kwa nguvu za miguu, lakini si kwa siku tano. Wajumbe watano kati ya saba wa kamati waliunga mkono uamuzi huo, na mimi sikuwaburuza. Nimekubali pia baiskeli mbili za gia za chama ziazimwe bila malipo, na yangu ya akiba iwe ya tatu, jambo ambalo wanaonilaumu hawalitaji.

Nisingelaumiwa hivi kama watu wangehudhuria vikao. Mkutano wa Machi ulihudhuriwa na wanachama 12 kati ya 41, akidi haikutimia, tukarudi nyumbani. Ule wa Novemba, uliojadili suala lenyewe, ulikuwa na watu 22, na wengi wa wanaopinga leo hawakuwemo. Ada ya Sh 5,000 kwa mwezi ilipaswa kutupatia Sh 2,460,000 kwa mwaka. Tumekusanya Sh 1,115,000, tumetumia Sh 640,000 kwa vipuri, kofia ngumu na mafunzo, na zimebaki Sh 475,000. Waliomaliza ada yao yote ni 14 tu. Kwa kiasi hicho hatuwezi kukodi gari la kubeba mizigo na wagonjwa, na bila gari hilo sitakuwa tayari kumpeleka mtoto wa mtu kwenye milima ile.

Tunatarajia kupata mfadhili wa gari, na ikiwezekana kuongeza baiskeli nyingine za gia kabla ya Julai. Majina ya watakaosafiri yatapokelewa hadi mwisho wa Aprili, pamoja na ada iliyolimbikizwa.

Mwenyekiti