Njoo na watoto, lakini uje kabla ya theluji

Urasa, Minamiuonuma, Japani
Machi

Assalamu alaikum somo yangu mpenzi,

Sauti zako zote nimezisikiliza, na ile ya mwisho niliirudia, maana niliisikia pumzi yako ilivyobadilika ulipowataja watoto. Unauliza jambo moja kwa njia nyingi: uje peke yako usome, watoto uwaache kwa bibi yao Pongwe, au mje wote pamoja na shemeji. Nimeona vijisauti vya dakika moja moja havitatufikisha, bora nikae nikuandikie. Jibu langu nalitanguliza: njooni wote. Ila msije Januari, na shemeji asije kukaa ndani.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Hapa si Tokyo. Kwa treni ya kasi ya Shinkansen ni kama saa moja na nusu kutoka Tokyo, lakini wakati wa baridi unaiacha Tokyo na jua lake, mnaingia kwenye handaki la kilomita 22 chini ya milima, na mkichomoza upande wa pili, mashamba, mapaa, makaburi, vyote vimefunikwa. Sababu yake wewe mtoto wa pwani utaielewa upesi. Huko kaskazi inaposhika, huku nako kuna upepo wa msimu unaotoka Siberia, mkavu na wa baridi kali. Unapita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana uvuguvugu kuuzidi, unajibebea unyevu, kisha unagonga milima ya hapa na kumwaga kila ulichobeba. Ukishavuka hauna kitu. Ndiyo maana wenzetu wa Tokyo wanaanika nguo nje Januari na sisi tunaanika sebuleni.

Mkweo anahofia watoto wataganda. Mwambie baridi ya hapa inachezea kwenye sifuri, mchana inapanda digrii mbili tatu, usiku inashuka kidogo. Kwa nguo zinazofaa mtoto anacheza nje mpaka umwite. Kinachotutesa ni wingi wa theluji na uzito wake. Kwa kuwa baridi si kali sana, theluji hii ina maji mengi, na ikilala siku kadhaa inajishindilia hadi mita moja ya ujazo inapita kilo 300. Inaanza Desemba na kuendelea mpaka Machi. Ikilala hadi mita mbili, hapa hakuna anayeshangaa. Sasa waza kitu hicho kiko juu ya paa unalolala chini yake.

Lakini watu wa hapa hawaisubiri kwa dua peke yake. Wamejipanga, somo, na mimi jambo hili nalipenda mno. Saa tisa usiku, wakati bado tumelala, magari ya kusukuma theluji yanapita, unasikia nyumba inatetemeka kidogo, na saa kumi na mbili barabara iko wazi. Barabara nyingine katikati yake zina vitundu vinavyorusha maji ya chini ya ardhi. Maji yale hata kwenye baridi yana digrii kumi na kitu, yanayeyusha theluji kabla haijalala. Mfumo huu ulianza Nagaoka, mji wa jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usishangae ukikuta lami na kuta za chini zina wekundu wa kutu, ni madini ya chuma yaliyo kwenye maji hayo. Na si maji ya bure tu: yalivutwa mno mpaka ardhi ikaanza kudidimia sehemu za wilaya hii, kwa hiyo siku hizi kuyavuta kuna masharti.

Pembeni mwa barabara kuna mifereji ya kutupia theluji, yenye vifuniko vya chuma. Maji yanapita kwa kasi, na kila mtaa una saa zake za kuyatumia. Watoto wako wafundishe jambo hili kabla ya kuwafundisha kusalimia: mfereji ulio wazi hausogelewi. Wapo watu wazima waliotumbukia wakasombwa. Ukifungua kifuniko unasimama hapo hapo, ukimaliza unakirudisha, hata kama simu inaita.

Mzee wa nyumba ya pili ndiye aliyenifundisha kuondoa theluji. Ana zaidi ya miaka sabini. Asubuhi moja nilikuwa nachota juu juu kwa beleshi dogo, akasimama akaniangalia, kisha akaja bila neno. Alichukua beleshi bapa akaikata theluji kuanzia juu kwenda chini, mstari kwa mstari, halafu akaikata kwa upana, ikawa mabonge ya mraba kama ya tofali. Ndipo akaingiza chini yake lile beleshi pana la kusukuma kwa mikono miwili, bonge zima likapanda lenyewe, akalikokota hadi mferejini. Hakuinua hata moja. Mgongo wake ulikuwa umenyooka muda wote. Nilimpelekea maandazi, jioni akaniletea figili nyeupe ndefu alizozifukua shambani kwake chini ya theluji. Mboga zinazolala chini ya theluji zinaongeza utamu; karoti za Tsunan, mji mdogo wa upande wa pili wa milima, zinafukuliwa Machi, na wanangu wanazila mbichi.

Nakuambia haya ili uelewe kwa nini nasisitiza habari ya shemeji. Wewe utakuwa na chuo. Watoto watakuwa na shule, na shule za msingi na za kati za serikali zinapokea watoto wa wageni bila ada. Wataingia hawajui neno la Kijapani, wataumia mwezi wa kwanza, wa pili, na kabla ya mwaka kwisha watakuwa wakalimani wako dukani. Wanakwenda shule kwa miguu, kwa makundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, na wakati wa vuli mikoba yao ina vikengele vya kufukuza dubu. Januari na Februari kipindi cha michezo ni ski, kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni. Mwanangu mdogo, ambaye kwetu Raskazone alikuwa anaogopa mawimbi, sasa anateremka kilima bila kugeuka nyuma.

Anayeumia ni yule anayebaki nyumbani. Nimeona familia zikirudi kwao, na si kwa sababu ya watoto. Mume au mke aliyefuata viza ya mwenzake anaamka, wote wameondoka, dirisha la chini limezibwa na theluji, jua linazama saa kumi na nusu, na hajasema na mtu yeyote tangu asubuhi. Wiki zinapita anga ni la kijivu. Mtu anakuwa mkali, au anakuwa kimya, na ukimya ni mbaya zaidi. Kwa hiyo zungumza na shemeji sasa, mkiwa bado Tanga, mkiwa na utulivu. Viza ya mtegemezi inamruhusu kuomba kibali cha kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki. Kazi zipo: viwanda vya uyoga, mahoteli ya ski ya Yuzawa na ya hapa kwetu, mashamba wakati wa kupanda na kuvuna. Kijapani cha kuanzia ajifunze huko huko, zile aina mbili nyepesi za herufi, hiragana na katakana, awe nazo kichwani kabla ya ndege. Na mtaani atoke na beleshi lake wenzake wanapotoka. Vijiji hivi vinakimbiwa na vijana, shule zinaunganishwa kwa kukosa watoto, nyumba tupu ni nyingi. Mwanamume mwenye nguvu anayejitokeza saa kumi na mbili asubuhi kusaidia nyumba ya bibi kizee atajulikana mtaa mzima kwa wiki moja, na mtu anayejulikana hakai peke yake.

Kuhusu nyumba. Utaonyeshwa nyumba kubwa za zamani, kodi yake ndogo mpaka utafikiri umesikia vibaya. Mwaka wa kwanza usizichukue. Nyumba kubwa ina paa kubwa, na theluji ya paani ni lazima ishushwe, pengine mara kadhaa kwa msimu. Kila mwaka watu wanakufa kwa kazi hiyo, wengi wao wazee, kwa kuanguka au kufukiwa na theluji iliyoporomoka. Chukueni fleti karibu na stesheni, kwenye barabara yenye maji, na kabla ya kutia saini uliza: nani anashusha theluji ya paa, na kwa gharama ya nani? Nyumba nyingi mpya hapa zimejengwa juu ya chumba cha zege, gari linakaa chini na watu wanaishi juu. Zile ni nzuri. Popote mtakapokaa, watoto wasicheze chini ya ukingo wa paa. Siku jua linapotoka baada ya theluji nyingi ndiyo siku ya hatari.

Ndani ya nyumba hakuna joto la kuenea vyumba vyote. Tunapasha chumba tulichomo, kwa hita ya mafuta ya taa, na choo kinabaki baridi kama friji. Fungua dirisha kidogo kila saa, usilale hita inawaka. Moshi usioonekana unaua. Hivyo hivyo kwenye gari: likikwama kwenye theluji, toka uchimbue bomba la moshi kwanza, kisha ndipo uwashe injini. Desemba 2020 zaidi ya magari 2,000 yalikwama kwenye barabara kuu ya Kan-Etsu, hapa hapa kwetu, watu wakakaa humo zaidi ya siku mbili. Tangu nisikie habari ile, blanketi, maji, beleshi na kitu cha kutafuna havitoki kwenye buti la gari langu. Kuendesha kwenyewe shemeji hatapata taabu, ni kushoto kama kwetu, na magari ni hayo hayo mnayoyaona Barabara ya Kumi na Mbili. Matairi ya theluji lakini ni lazima, na habari ya leseni aianze mara tu mkifika.

Nguo msinunue Dar. Makoti ya huko ni ya kupigia picha. Hapa yapo maduka ya mitumba, na makoti ya watoto yaliyovaliwa msimu mmoja ni bei rahisi. Leteni khanga, leteni iliki na mdalasini wa Zanzibar, leteni dawa zenu na karatasi za chanjo za watoto. Mchele wa hapa, Koshihikari wa Uonuma, unasifiwa Japani nzima, maji ya theluji ndiyo yanayoulisha. Unanata, haufai kwa pilau hata kidogo. Basmati tunaagiza kwenye maduka ya halali mtandaoni. Lakini kwa vitumbua, somo! Loweka, saga, weka tui la kopo, utanishukuru. Shuleni wanapika chakula cha mchana na nguruwe hakosekani, pamoja na viungo vyenye kilevi. Orodha ya mwezi inatolewa mapema, mimi nilikaa na mwalimu tukapanga siku za kula pamoja na siku za kubeba chakula cha nyumbani. Walinielewa vizuri. Na hospitali ya kwanza mtakayokwenda, waulize habari ya vitamini D, wewe na watoto. Ngozi zetu zinataka jua, na hapa jua ni la kungojea.

Mkifika, ndani ya siku 14 mjiandikishe ofisi ya mji. Siku hiyo hiyo ombeni bima ya afya na posho ya watoto: yen 15,000 kwa mwezi kwa aliye chini ya miaka mitatu, 10,000 kwa wakubwa wake, na mtoto wa tatu 30,000. Wewe una watatu, kwa hiyo usilichukulie jambo dogo.

Muda mzuri wa kuja ni Septemba. Mpunga unavunwa, milima inaanza kubadilika rangi, watoto watapata miezi mitatu ya kuzoea njia ya shule, jina la mwalimu na sura za jirani kabla ya theluji ya kwanza. Ukija Januari utaona ukuta mweupe tu na utajiona umekosea dunia. Na siku ukiikumbuka bahari mpaka kifua kinabana, na utaikumbuka, tutapanda treni ya Hokuhoku pale Muikamachi, tutakwenda hadi Naoetsu tukae ufukweni. Ni bahari ya kijivu, lakini ina harufu yake ya chumvi.

Nitumie vipimo vya nyayo za watoto wote watatu kwa sentimita, uongeze moja kwa ajili ya soksi. Mwisho wa msimu huu mabuti yanashuka bei, nataka niyachukue mwezi huu. Na shemeji mwambie anipigie mwenyewe, Ijumaa baada ya swala, mume wangu atakuwepo.

Nisalimie mama, nisalimie Pongwe nzima.

Ni mimi somo yako