Taa zikikataa kuzimika, nani atajibu?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenye majengo hulitambua wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka, nalo ni kuunganisha vidhibiti vya taa visivyotumia waya na mfumo mkuu wa kuendesha jengo, yaani ule unaosimamia viyoyozi, feni, pampu na ratiba za kila siku. Kazi yangu ni kutafuta hitilafu katika mifumo hiyo, na mara nyingi naitwa mambo yakiwa yameshaharibika.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo la ofisi ambalo taa za ghorofa moja zilikuwa zikiwaka usiku kucha kwa wiki kadhaa. Vihisi vya mwendo vilikuwa vimebadilishwa mara mbili, na ratiba ilikuwa sahihi. Nilipofungua lango, yaani kile kifaa kinachotafsiri kati ya redio za taa na kompyuta ya jengo, nilikuta amri ya kuwasha imekaa kwenye ngazi ya 8. Wasomaji wasioijua BACnet, lugha inayotumiwa na mifumo mingi ya majengo na iliyopitishwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1995, wafahamu kwamba hupanga amri katika ngazi 16 za kipaumbele. Ngazi ya 1 ndiyo yenye nguvu kuliko zote na imetengewa usalama wa maisha, ya 8 ni ya mtu anayeamuru kwa mkono, na ratiba za kawaida huwekwa chini zaidi. Amri ya ngazi ya 8 haichoki. Hubaki pale hadi mtu aiondoe, na haiondolewi kwa kuandika “zima”, kwa sababu hiyo nayo ni amri nyingine ya ngazi ileile. Huondolewa kwa kuiacha nafasi yake tupu. Mtu fulani aliwasha taa jioni moja kwa ajili ya wasafishaji, akafunga kompyuta, akaenda zake. Tangu siku hiyo kihisi kilikuwa kikiripoti kila usiku kwamba hakuna mtu, lakini taarifa yake ilikuwa ikiishia ngazi za chini.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wauzaji hupenda kusema kwamba taa zisizo na waya zimemaliza kazi ya kuunganisha. Kilichopungua ni kazi ya kuvuta waya darini. Kuunganisha bado kupo palepale, tena kumezidi ugumu, kwa kuwa sasa kuna mkalimani katikati. Taa nyingi za aina hii huwasiliana kwa Zigbee, yaani redio ya vifaa vidogo visivyotumia umeme mwingi, au kwa Bluetooth katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nayo huyatumia, na mtandao wa Zigbee una kasi ya kilobiti 250 tu kwa sekunde, ambayo vifaa vyote vya chaneli moja hugawana. Kompyuta ya jengo iliyozoea waya ikianza kuuliza hali ya kila taa kila baada ya sekunde chache, na lango likaipeleka kila swali redioni, mtandao huelemewa, na mtu hufika katikati ya korido kabla taa haijawaka. Dawa yake inajulikana: kompyuta ijiandikishe kupewa taarifa pale tu hali inapobadilika. Hata hivyo lazima lango liweze kusema kwamba kihisi kimenyamaza, kwani betri ikiisha, jibu la mwisho linaweza kubaki kwenye kumbukumbu yake, na chumba chenye watu kumi kikaendelea kuonekana kitupu.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuwasha na kuzima ubaki chumboni, kati ya swichi, kihisi na taa. Jengo lipewe habari chache: kama kuna watu, umeme uliotumika na hitilafu zilizopo, nalo lipeleke ratiba na ombi la kupunguza mwanga pale umeme unapohitaji kubanwa. Faida kubwa imo katika ile habari ya kwanza, maana kihisi kilichonunuliwa kwa ajili ya taa kinaweza pia kukiambia kiyoyozi kwamba ukumbi umebaki mtupu. Wala hakuna haja ya kuleta taa 400 moja moja kwenye skrini ya mwendeshaji. Zikusanywe kwa vyumba. Taa za dharura zisitegemee muunganisho huu hata kidogo.

Usalama nao haupaswi kusahauliwa. BACnet ya kawaida kwenye mtandao wa IP, yaani ule wa kompyuta za kawaida, haifichi ujumbe wake, na toleo salama lililoongezwa miaka ya karibuni hutumia vyeti vya kidijitali ambavyo muda wake huisha. Nenosiri la kiwandani nimelikuta kwenye malango mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ninachowaomba wenye majengo ni kudai, kabla ya kutia saini, orodha ya kila taarifa itakayopita langoni: jina lake, kipimo chake, nani anaisoma na nani anaruhusiwa kuiandika, na kwa ngazi ipi. Mkataba utaje pia ni nani mwenye lango. Bila hivyo, mkandarasi wa umeme atasema taa zake zinafanya kazi, wa viyoyozi atasema kompyuta yake inasoma vizuri, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Siku ya makabidhiano, mwenye jengo achomoe waya wa umeme wa lango mbele yao, kisha aende chumba chochote na kubonyeza swichi. Taa isipowaka, malipo ya mwisho yasubiri.

Fundi wa mifumo ya majengo