Kuhama Jumamosi: begi la mkononi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunamhamisha mwenzetu kutoka Tabata kwenda Kigamboni. Kirikuu, gari dogo la mizigo, itafika saa 12 asubuhi ili tuwahi darajani.

Nawaomba sana, begi la mkononi lisipakiwe pamoja na mizigo mingine. Dawa za presha za bibi, vitambulisho vya NIDA, mkataba wa nyumba, chaja na sare za shule za Jumatatu vikae kwa mama mwenyewe. Vikishaingia kwenye viroba, kuvitafuta usiku ni mateso, na bibi hawezi kuruka dozi. Chandarua nacho kiwe juu juu, kamba na misumari ndani yake.

Dada, namba ya mita ya LUKU umwombe mwenye nyumba leo, ununue umeme mapema. Maji ya kunywa nitabeba mimi.