Zuhura, usimwite Mudi punda

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Za masiku? Sisi huku Tanga wazima, mama anakusalimu, mguu unampa nafuu na ubishi wake uko palepale. Najua nimenyamaza mno, lakini ujumbe wako wa juzi umenishikisha kalamu. "Mudi ni punda tu." Hivi kweli? Mudi wetu?

Tangu hapo namfikiria Puzzle, yule punda wa kitabuni. Usiniambie umemsahau! Kile kitabu cha mwisho cha hadithi za Narnia, nchi ya wanyama wanaosema, tulichokuwa tukigombania maktaba ya shule. Wewe na wenzako mlikuwa wa Reepicheep, panya mwenye upanga; mimi nilibaki na punda wangu. Sasa namsomea Salim usiku, nakigeuza Kiswahili papo hapo, na mtoto hanipi nafasi ya kupumua.

Kumbuka mambo yalivyoanza. Sokwe Shift na Puzzle wanakaa kando ya bwawa la maporomoko, magharibi kabisa. Eti marafiki, lakini anayetumwa sokoni kutafuta ndizi na machungwa ni punda, mlaji ni sokwe. Ngozi ya simba inaonekana majini: nani anaingia kwenye baridi kuiopoa? Punda. Sokwe anaishona, anamvika, anatangaza Aslan, yule simba mkuu wa Narnia, amerudi. Usiku punda anatolewa zizini, wanyama wanamwona kwa mbali, kwa mwanga wa moto, basi wanaamini. Miti inakatwa na kuuzwa Calormen, nchi ya pili, wanyama wanafanyishwa kazi kama watumwa, yote "kwa amri ya Aslan". Kitabu kimetoka 1956, lakini sokwe huyo mimi namfahamu, anakaa mtaa wa pili.

Maana Mudi naye ndivyo. Sura yake ndiyo iliyopita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu kwenye kikoba, na nani hapa Ngamiani angemkatalia Mudi? Hela alishika nani? Unamjua, simtaji.

Ila sikuandikii ili nimsafishe. Hapo ndipo ninapokosana na Salim, yeye anasema punda hana kosa, kadanganywa. Hapana! Puzzle alijua. Ngozi ile alitaka waizike, kwa heshima. Alisema si vizuri kujifanya Aslan. Hata radi ilipopiga na ardhi ikatikisika wakaanguka wote wawili, yeye mwenyewe alisema hilo ni onyo. Sokwe akamgeuzia palepale: ah, ndiyo ishara niliyokuwa nikiingoja, tumekubaliwa! Punda akanywea, maana kila siku wimbo wake ni kwamba yeye hana akili, mwenye akili ni Shift. Hilo linanikera kuliko uongo wote wa sokwe. Mtu anajishusha mpaka kujishusha kunakuwa mto wa kulalia. Na Mudi ukimuuliza: "Mimi hesabu sizijui, dada, kamuulizeni mwenyewe."

Bibi angemwingiza moja kwa moja kwa punda wa dobi wa kwenye hadithi, aliyerudi kwa simba mara ya pili baada ya kunusurika, akaliwa, ikasemwa hana moyo wala masikio. Lakini Puzzle moyo anao. Subiri, nitafika kwenye masikio.

Kilichonishtua safari hii ni yanayofuata baada ya yule msichana Jill kumtorosha Puzzle zizini. Ungedhani uongo umekwisha, waonyeshwe punda na ngozi yake, basi. Wale mbilikimo wakaonyeshwa. Wakasema hawadanganyiki tena, hata Aslan wa kweli hawamtaki! Halafu sokwe akawahi kutangaza: jihadharini, kuna punda anazunguka amevaa ngozi ya simba. Umeona? Kweli tupu, na imefunga midomo ya wote, kwani sasa ukimleta Puzzle hadharani umemshuhudilia sokwe. Zuhura, yule mtu tayari amepita kwa akina mama Halima akisema Mudi ametumia vibaya jina la kikundi. Nusu yake ni kweli! Na wewe ukiandika "punda tu" unamjazia nusu iliyobaki.

Tirian, mfalme wa Narnia, alikuwa tayari kumfyeka punda kichwa, Jill akamkumbatia shingoni. Sikwambii umkumbatie Mudi, mkewe ataniua mimi. Nakwambia lete lile daftari la zamani, la wakati wewe ukiwa mweka hazina. Kikao ni Jumamosi ijayo. Bila daftari tutabishana kwa makelele, na kwa makelele yule bwana hashindwi.

Nirudi kwenye masikio, Salim kanikaba. Mwishoni kabisa Aslan anamwita punda kabla ya mtu mwingine yeyote. Anamnong'oneza, masikio yanalala. Anamnong'oneza tena, yanasimama. Mwandishi hasemi alimwambia nini! La kwanza nimemjibu Salim: "Ulijua." La pili nimekwama, nikadai usingizi.

Wewe ungemwambia nini? Si ulikuwa na jibu la kila kitu enzi zile? Na daftari lipo, au limefungiwa maandazi? Utakuja na basi la asubuhi au nimtume mtu alifuate? Baba Nasra kikohozi kimeisha? Na kitenge changu, shoga, fundi bado "anamalizia"?

Jibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Mwanaidi